Stakabadhi ya Machi

Oili yake niliichuja kwa soksi ya nailoni,
soksi kuukuu ya mke wangu,
nikaiinua kwenye taa ya gereji
nikaona kinachometameta.
Si mchanga. Si uchafu wa barabara ya Melville.
Ni chuma: vijinyuzi vyembamba kuliko unywele,
vilivyoachwa ndani na keekee ya kiwanda
kabla Oryssia Hnatiuk hajalijua gari hili,
kabla hata halijapakwa rangi.

Alikuwa anatoka zamu ya usiku, jikoni mwa hospitali ya Yorkton,
baridi nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
akasikia mtu anagonga chini ya boneti.
Ndivyo alivyoniambia: mtu anagonga,
kama anayetaka kufunguliwa.
Kisha mgongo mmoja mkubwa, kisha kimya,
kisha theluji tu, na taa za dharura zikipepesa
mpaka betri nayo ikachoka.
Dereva wa lori la ngano alimwokota saa kumi na moja alfajiri.
Vidole viwili vya mguu wa kushoto
bado havijajua kama ni vyake.

Hili ni la saba.
Mengine yako uani, theluji hadi vioo vya pembeni,
injini zimenoki zote:
kilomita elfu tisini, elfu mia na kumi,
moja elfu sitini na nne tu.
La mwalimu Dufresne bado lina kiti cha mtoto.

Kampuni haikukataa. Kampuni haikatai.
Ilisema, kwa sauti ya kike yenye subira:
tutakulipia injini mpya, mama,
ukituonyesha kwamba hii uliitunza.
Stakabadhi za oili. Zote. Tangu siku ya kwanza.

Akaja na kopo la biskuti.
Ndani, stakabadhi zimebanwa kwa kibanio cha nguo,
kila moja na mwandiko wangu mbaya:
tarehe, kilomita, lita nne na nusu, asante.
Tulizipanga juu ya benchi, mbali na grisi,
tukazihesabu.
Tukazihesabu tena.
Machi haikuwapo.

Machi ndipo tulipomzika Taras.
Gari lilikuja hapa na matope ya makaburini kwenye matairi.
Nikamwaga oili, nikabadilisha na chujio,
nikamtia funguo mkononi, nikamwambia nenda nyumbani,
leo hatudaiani.
Sikuandika kitu.
Nani huandikia rambirambi stakabadhi?

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Lakini waliosema hivyo
walikuwa wakihesabu mali.

Niliandika barua: Mimi, Lorne Pfeifer, fundi,
naapa kwamba mwezi ule kazi ilifanywa,
ilifanywa na mikono hii, bila malipo, kwa sababu ya msiba.
Jibu lilifika baada ya siku mbili.
Walitupa pole kwa msiba.
Kisha wakasema kazi isiyo na malipo
haina mahali katika fomu yao.

Oryssia hakulia. Alifunga kopo, akauliza
kama basi la Melville hupita Jumapili.
Halipiti.

Usiku huu kitabu cha stakabadhi kiko mbele yangu.
Kuna karatasi moja ya mwezi ule niliyoimwagia kahawa,
nikairuka. Namba yake inafuatana vizuri.
Haina neno hata moja.

Na injini imelala ubavu, tumbo wazi.
Kwenye bloki kuna doa la rangi ya kijani,
ukubwa wa kidole gumba.
Ni alama ya mkaguzi wa kiwandani. Maana yake:
nimetazama ndani, pako safi.
Huyo hakuna aliyemdai karatasi.

Kalamu imeganda. Kwa baridi hii wino hautoki
mpaka uupumulie.

Naupumulia.